Foleni ya mtandaoni: Njia ya pembeni inafika wapi?

Julai 27, 2023 serikali ya Kenya ilikiri hadharani jambo ambalo wananchi wake walikuwa wakililalamikia kwa siku kadhaa: tovuti ya eCitizen, mlango unaotumika kuomba na kulipia huduma za serikali, ilikuwa imeshambuliwa. Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, alieleza kwamba washambuliaji walituma maombi mengi kupita kawaida ili kuukaba mfumo, na kwamba hakuna taarifa za watu zilizopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba kuwa ndilo lililofanya kazi hiyo, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan.

Haukuwa umepita hata mwezi mmoja tangu Rais William Ruto azindue mpango wa kuweka huduma zaidi ya 5,000 za serikali nyuma ya mlango huo mmoja. Kwa hiyo mlango ulipokwama, vilivyokuwa nyuma yake vilikwama pamoja nao: pasipoti, leseni za udereva, viza. Abiria wa treni walishindwa kukata tiketi mtandaoni. Wanaonunua umeme wa kulipia kabla walihangaika. Hata baadhi ya huduma za pesa kwa simu ziliyumba. Serikali ikalazimika kutangaza kwamba wageni waliostahili viza ya mtandaoni wapewe viza wakishafika.

Nayarejea mambo hayo kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara hapa Kigali, na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wafanyabiashara wanaopitisha mizigo Rusumo, Gatuna na Malaba, ambao siku hizi kila karatasi yao huanzia kwenye kompyuta. Wa pili ni ndugu zetu waliorejea kutoka ng'ambo, ambao vyeti vyao, pensheni zao na hata uraia wao mara nyingine bado vimefungwa kwenye tovuti za nchi walizotoka. Wote huuliza jambo moja: ni kweli kwamba kuna kijiprogramu unachokiweka kwenye kivinjari cha intaneti, tovuti ikizidiwa na watu wewe ukapenya?

Jibu ni ndiyo, kipo. Lakini hakipenyi kule ambako wengi wanadhani, na hapo ndipo watu wanapoliwa fedha zao.

Tuanze na tovuti kuzidiwa kwenyewe. Seva ni kompyuta kama nyingine, ina idadi ya watu inayoweza kuwahudumia kwa wakati mmoja. Unapofungua ukurasa, kompyuta yako haitumi ombi moja. Maandishi huombwa peke yake, kila picha peke yake, nembo peke yake, hata ukurasa mmoja ukawa maombi makumi kadhaa. Siku ya kawaida hakuna anayeona tofauti. Siku matokeo ya mitihani yanapotoka, au siku ya mwisho ya kulipa kodi, watu laki moja hugonga kwa pamoja na foleni inaanza. Anayesubiri akichoka hubonyeza tena. Seva haijui kwamba ni yule yule: ombi lake la kwanza bado limo kwenye foleni, na la pili linapangwa nyuma yake. Hivyo wenye haraka ndio wanaoirefusha foleni kuliko wote, na tovuti ambayo ingechelewa dakika mbili inalala nusu siku.

Angalia jinsi jambo hili linavyofanana na shambulio la eCitizen. Mshambuliaji alituma maombi mengi kwa makusudi, wananchi hutuma maombi mengi kwa shida zao, na kwa upande wa seva mafuriko ni mafuriko. Mara nyingine hata mafundi wenyewe hawatofautishi upesi. Michael Jackson alipofariki Juni 25, 2009, watu waliomtafuta kwenye Google walikuwa wengi kiasi kwamba mitambo ya kampuni hiyo kwa muda ilidhani inashambuliwa.

Dawa ya kwanza iliyojulikana na watu wengi ilionekana Septemba 11, 2001. Asubuhi ile ya mashambulizi ya New York na Washington, tovuti za habari za Marekani zilizidiwa. CNN iliondoa picha na mapambo katika ukurasa wake wa mbele ili ubaki mwepesi. Google nayo iliweka tangazo ikiwashauri watu watazame televisheni au wasikilize redio, na chini yake ikaweka viungo vya nakala za magazeti zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mitambo yake mapema siku hiyo. Msomaji hakuwa na haja ya kuifikia seva ya gazeti iliyolemewa, kwani alisoma nakala mahali pengine penye nafasi.

Wataalamu wa kompyuta walikuwa wameshauonja ugonjwa huu kabla ya hapo. Tovuti ya Slashdot, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Rob Malda, ilikuwa na wasomaji wengi kiasi kwamba ikitaja tovuti ndogo ya mtu, tovuti hiyo ilianguka ndani ya muda mfupi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walifungua mtandao wa Coral. Ulichotakiwa kufanya ni kuongeza herufi chache kwenye anwani ya tovuti, na badala ya kwenda kwenye seva yenyewe ulipelekwa kwenye kompyuta nyingine, moja kati ya nyingi zilizotawanyika duniani na kugawana nakala. Mwishoni mwa mwaka huo huo Aaron Boodman alitengeneza Greasemonkey, nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyomruhusu mtu yeyote kuweka maagizo yake mwenyewe, yaani skripti, yanayobadilisha ukurasa baada ya kufika kwenye kompyuta yake.

Vitu hivyo viwili vilikutana, na hapo ndipo kilipozaliwa kijiprogramu tunachokizungumzia. Skripti ya mistari michache hupitia ukurasa, huokota kila kiungo, na pembeni yake huweka kiungo kingine kidogo kinachokupeleka kwenye nakala iliyohifadhiwa. Kiungo cha kwanza kikigoma, unabonyeza cha pili. Basi. Hakuna uchawi, wala hakuna mlango uliovunjwa. Tena mwenye kufanya hivyo anaisaidia tovuti iliyozidiwa, kwa sababu amejitoa kwenye foleni.

Nitatoa mfano ambao mtu wa mpakani ataushika. Chukua ofisi ya forodha yenye dirisha moja na watu mia tatu wamejipanga. Nusu yao wanataka tu kusoma tangazo la viwango vya ushuru lililobandikwa ukutani karibu na dirisha. Kijana mmoja akilipiga picha tangazo hilo na kuwaonyesha walio nyuma, watu mia moja na hamsini wanaondoka na foleni inapungua. Lakini nusu nyingine wanataka mhuri. Hao hata uwaletee picha elfu, hakuna itakayowagongea mhuri. Jalada ni la mtu mmoja mmoja, na mhuri uko dirishani.

Tovuti nazo ziko hivyo hivyo. Kuna kurasa ambazo kila mtu huona kitu kile kile: orodha ya bidhaa, viwango vya ushuru, tangazo la waziri, matokeo ya mitihani, masharti ya kibali. Hizo zinanakilika. Kuna kurasa ambazo ni zako peke yako: fomu uliyoijaza, malipo uliyofanya, hali ya mzigo wako, kibali kilichotolewa kwa jina lako. Hizo hazinakiliki, na wala hupaswi kutamani zinakiliwe. Kijana wa kibanda cha intaneti anayekuambia kwamba ana skripti ya kukupitishia kadhia yako ya forodha wakati mfumo umelala, anakudanganya. Ama atabonyeza badala yako mara mia kwa dakika, yaani atazidisha mafuriko yale yale na pengine anwani yenu ifungiwe, ama ana nia mbaya zaidi.

Skripti iliyo ndani ya kivinjari huweza kuona unachokiona wewe, pamoja na neno la siri unaloliandika na namba ya kadi unayoijaza. Hata zilizotengenezwa kwa nia njema zimewahi kuwa na matundu: Julai 2005 iligundulika kwamba Greasemonkey yenyewe ilikuwa na kasoro iliyowezesha tovuti yenye hila kusoma mafaili yaliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji, na watengenezaji wakalazimika kutoa toleo jipya haraka. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wanaojulikana, iliyo wazi kukaguliwa na kila mtu. Sasa fikiria skripti uliyouziwa kwenye kibanda na mtu ambaye kesho hayupo. Kwa maoni yangu, kivinjari kinachotumika kwa forodha, benki au pasipoti kisiwekewe skripti ya mtu yeyote, hata iwe nzuri namna gani.

Waliorejea kutoka ng'ambo nawatajia jambo jingine. Tangu Januari 2024 Kenya iliachana na viza na kuweka kibali cha kielektroniki cha kusafiria kinachoombwa mtandaoni. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakihitaji, lakini aliyerudi huku akiwa na pasipoti ya Ulaya au Marekani anakihitaji hata kama amezaliwa Butare. Tovuti rasmi ikichelewa kufunguka, watu hurudi kwenye Google kutafuta njia nyingine, na huko hukutana na tovuti zinazofanana na ya serikali ambazo hutoza zaidi, au hupokea fedha zikanyamaza. Tovuti rasmi za serikali ya Kenya huishia na go.ke. Ukiona mwisho mwingine, hapo umeingia dukani kwa mtu binafsi.

Tuseme sasa kwamba unataka kusoma tu. Je, nakala zipo? Hapa mambo yamebadilika mno tangu enzi za Greasemonkey. Coral ilizimwa baada ya kufanya kazi kwa takriban muongo mmoja. Google nayo iliondoa nakala zake mwaka 2024, hivyo skripti za zamani zilizotegemea nakala hizo sasa zinakupeleka ukutani. Kilichobaki kwa watu wa kawaida ni Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa San Francisco na Brewster Kahle mwaka 1996 na kufungua nakala zake kwa umma mwaka 2001. Kwa anayetumia simu, ambao ndio wengi wetu, skripti hata haihitajiki: unaandika web.archive.org/web/ halafu anwani ya ukurasa unaoutaka, na ukurasa wa zamani unafunguka ukiwa na tarehe yake juu.

Tarehe hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza. Maktaba hiyo haikai mlangoni kwa kila tovuti ya wizara zetu. Magazeti makubwa ya dunia hunakiliwa mara nyingi kwa siku, lakini ukurasa wa mamlaka ya mapato ya nchi ndogo nakala yake ya mwisho inaweza kuwa ya miezi mingi iliyopita. Na maktaba yenyewe si ngome. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi, taarifa za akaunti milioni 31 zikaibwa, na kwa siku kadhaa nakala zote hazikupatikana. Iliporudi, mwanzoni ilikuwa ya kusoma tu. Walioitegemea peke yake waligundua kwamba hata mlango wa dharura unaweza kukwama.

Lakini kuna jambo linalowachanganya watu wa mpakani kuliko haya yote. Mtu akiona ukurasa haufunguki husema "sistimu iko chini", kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Ukweli ni kwamba ni magonjwa angalau matatu, na dawa ya nakala hutibu moja tu.

La kwanza ni tovuti kuzidiwa, kama eCitizen mwaka 2023. Dalili yake ni kwamba tovuti nyingine zote zinafunguka isipokuwa hiyo, na mara nyingi unaandikiwa namba 503, yaani seva ipo ila kwa sasa haiwezi kukuhudumia. Ukiona 404 hiyo ni habari nyingine, kwamba ukurasa huo haupo pale ulipoutafuta, na hata ukisubiri mpaka jioni hautakuja.

La pili ni barabara kukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye pwani ya kusini mwa Afrika. Intaneti ikawa hafifu Tanzania, Kenya, Uganda na hapa Rwanda. Seva zilikuwa nzima, lakini njia ya kuzifikia ilikuwa imebana. Siku kama hiyo nakala iliyoko California haikufai kitu, kwa sababu iko ng'ambo ya daraja lililovunjika. Kinachofaa ni nakala iliyoko karibu, ndani ya simu yako au ndani ya nchi.

La tatu ni kuzimwa kwa amri. Uganda ilizima intaneti Januari 13, 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, ikaifungua baada ya siku tano, na Facebook ikaendelea kufungwa hata baada ya hapo. Tanzania ilizimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na watu wakakaa siku kadhaa bila mtandao. Isitoshe, nchi zisizo na bahari huumwa hata kwa kichwa cha jirani: Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni Nairobi, mtandao ulivurugika Kenya, na Uganda na Burundi nazo zikaguswa kwa sababu sehemu ya intaneti yao hupitia huko. Mfanyabiashara wa Bujumbura hakuwa na ugomvi na muswada wa fedha wa Kenya, lakini alichelewa pamoja nao.

Katika ugonjwa wa pili na wa tatu, anayekuuzia skripti ya kivinjari anakuuzia mwavuli wakati umekatiwa maji. Nalisema kwa ukali kwa sababu kinachopotea ni fedha halisi. Lori lililosimama mpakani lina dereva na tanboi wanaokula, lina siku za bure za kontena zinazohesabiwa, na likibeba nyanya au ndizi lina mzigo unaooza. Kwa mwanamke anayevuka na kapu la bidhaa chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, siku moja ni mtaji mzima.

Ndiyo maana lawama kubwa naipeleka kwa serikali zetu, si kwa vijana wa vibanda. Wakubwa wanapozindua mfumo mpya hujivunia kwamba kila kitu kiko mahali pamoja. Kwa mwananchi ni raha, hadi siku ya mafuriko. Yule anayetaka kusoma orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru anabanwa kwenye mlango mmoja na yule anayelipa, na wote wanazuiwa na neno la siri. Tangazo la ukutani limefungiwa kabatini pamoja na majalada. Hakuna sababu ya kiufundi inayolazimisha hivyo. Kurasa za kusoma zinaweza kuwekwa kwenye seva ya pembeni, nyepesi, bila neno la siri, na nakala zake zikagawiwa vyuo vikuu, magazeti na ofisi za mipakani.

Kwamba inawezekana, Kenya yenyewe imeonyesha. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliruhusiwa kuzipakua. Vyombo vya habari na wananchi walizichukua kwa wingi, wengine wakajumlisha kura wenyewe. Ubishi wa kisiasa uliendelea hadi Mahakama ya Juu, lakini fomu zenyewe zilikuwa zimeshasambaa kwenye kompyuta nyingi kiasi kwamba kuiangusha tovuti moja kusingezificha. Ikiwa fomu za kura za nchi nzima zinaweza kutolewa hivyo, orodha ya ushuru inashindikana nini?

Aidha, upande wa mihuri unahitaji utaratibu wa karatasi unaojulikana mapema. Kenya mwaka 2023 ilikubali kutoa viza mlangoni baada ya mambo kuharibika, na ilifanya vizuri, lakini mgeni aliyekuwa ameshaahirisha safari hakurudishiwa siku zake. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, lingekuwa jambo jepesi kubandika ukutani kwa Kiswahili na lugha nyingine: mfumo ukilala kwa saa kadhaa, fomu gani ya mkono inajazwa, nani anasaini, na gharama za kusubiri zinahesabiwa kuanzia lini na kwa nani.

Hadi hapo watakapofanya hivyo, mfanyabiashara anaweza kujiwekea nakala mwenyewe, na hilo halihitaji skripti wala fundi. Ukurasa wa viwango au masharti ukifunguka vizuri, uhifadhi kwenye simu, au uandike web.archive.org/save/ kabla ya anwani yake ili maktaba ichukue nakala yenye tarehe siku hiyo. Risiti na kibali vipakue na kuvichapa siku ile ile unapovipata, usingoje kuvitafuta ukiwa dirishani.

Ila chunga mwezi wa Juni. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya wana desturi ya kusoma bajeti zao kwa pamoja mwezi huo, na mabadiliko ya ushuru huanza Julai 1, kama ilivyokuwa mwaka 2022 kiwango cha juu cha asilimia 35 kilipoingizwa kwenye ushuru wa pamoja wa forodha. Siku hizo ndizo tovuti za mapato hutembelewa kuliko siku nyingine, na nakala ya Juni 30 itafunguka haraka kwenye simu yako, ikiwa safi na inasomeka, lakini viwango vyake si vile ambavyo ofisa aliyeko dirishani atakutoza asubuhi ya Julai 2.